Ol Doinyo Lengai: Volkano Hai ya Bonde la Ufa Isiyo na Mfano Duniani

Na Mwandishi Wetu

Ol Doinyo Lengai ni mlima wa volkano uliopo katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Mlima huu una urefu wa takriban mita 2,960 kutoka usawa wa bahari na umesimama peke yake juu ya sakafu ya Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Natron. Kwa urefu haushindani na Kilimanjaro wala Meru. Hata hivyo, katika elimu ya miamba mlima huu una nafasi ambayo hakuna mlima mwingine unaoishika: ndio volkano pekee hai inayojulikana duniani kutoa lava ya magadi, ambayo wataalamu huiita natrokabonatiti.

Jina la mlima linatokana na lugha ya Kimaasai na maana yake ni Mlima wa Mungu. Neno Engai katika lugha hiyo humtaja Mungu na hutumika pia kutaja mvua. Kwa jamii ya wafugaji inayoishi katika nyanda kame, maana hizo mbili zipo karibu sana. Kwa muda mrefu wananchi wa eneo hili wamekuwa wakiuendea mlima kwa maombi, hususan nyakati za ukame, na wanawake wamekuwa wakienda kuomba uzazi na baraka. Mgeni anayepanda Lengai kwa hiyo anaingia mahali pa ibada kabla ya kuingia mahali pa utalii, na ni vyema akalitambua hilo tangu hatua ya kwanza.

Makala haya yanaeleza mandhari ya mlima huo, namna ulivyoumbika, historia ya milipuko yake, na mambo ambayo mtembeaji anapaswa kuyafahamu kabla ya kuupanda.

Mahali ulipo na mandhari yake

Lengai upo ndani ya tawi la mashariki la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Upande wa magharibi unainuka ukuta wa bonde, wenye kimo cha mamia ya mita, ambao juu yake zinaanza nyanda za Sale na Loliondo. Kusini kuna mlima Kerimasi, volkano iliyokwisha kuzimika, na nyuma yake nyanda za juu za Ngorongoro zenye kreta za Empakaai, Olmoti na Ngorongoro yenyewe. Upande wa mashariki na kaskazini mashariki ipo milima ya Kitumbeine na Gelai, katika Wilaya ya Longido. Kaskazini linatandaa Ziwa Natron, ambalo uso wake upo takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, na ng'ambo yake ni nchi jirani ya Kenya.

Kwa kuwa mlima umeota katika tambarare ya chini namna hiyo, kimo chake huonekana chote kwa mara moja. Kutoka sakafu ya bonde hadi kileleni ni zaidi ya mita 2,000, bila vilima vya kutangulia wala msitu wa kuficha mteremko. Umbo lake ni la pia iliyogeuzwa, lenye miteremko inayozidi kuwa mikali kadiri mtu anavyopanda. Mvua za miaka mingi zimechimba makorongo marefu katika majivu yaliyoshikana, nayo hushuka kutoka kileleni kuelekea pande zote. Asubuhi na jioni, jua linapopiga kwa mshazari, makorongo hayo huonekana kama mikunjo ya kitambaa kilichotundikwa.

Kileleni kuna kreta mbili. Kreta ya kusini ni ya kale, haitoi lava tena na imefunikwa na mimea. Kreta ya kaskazini ndiyo iliyo hai, na ndiyo iliyobeba historia yote ya milipuko inayojulikana. Chini ya mlima, kwenye tambarare, vimetapakaa vilima vidogo vya volkano na mashimo yaliyoachwa na milipuko ya pembeni. Pundamilia, twiga, swala na mbuni huonekana wakila kwenye tambarare hizo pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wananchi.

Jinsi mlima ulivyoumbika

Bonde la Ufa ni mahali ambapo gamba la dunia linavutwa na kuachana. Bamba la Afrika, ambalo wataalamu huita pia bamba la Nubi, na bamba la Somalia yanasogea mbali kwa kasi ya milimita chache tu kwa mwaka. Kadiri gamba linavyovutika linakuwa jembamba na kupasuka, na kupitia nyufa hizo miamba iliyoyeyuka kutoka chini hupata njia ya kupanda. Volkano zote za ukanda huu, kuanzia Ngorongoro hadi Kilimanjaro, ni matokeo ya mvutano huo.

Miongoni mwa ndugu zake, Lengai ni mdogo kwa umri. Ngorongoro na majirani zake walianza kujengeka mamilioni ya miaka iliyopita na wamekwisha kuzimika, wakati umri wa Lengai unakadiriwa kuwa chini ya miaka nusu milioni. Sehemu kubwa ya mwili wa mlima haikujengwa na lava ya magadi, kama wengi wanavyodhani. Ilijengwa na majivu, vipande vya miamba na lava za aina ya fonoliti na nefelinaiti, ambazo zina silika, ingawa nazo zina sodiamu nyingi kuliko miamba ya kawaida ya volkano. Lava ya magadi ni tabaka la juu na la mwisho, mithili ya chokaa iliyopakwa juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa.

Lava hiyo hutokana na nini? Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba mwamba ulioyeyuka chini ya mlima una hewa ya kaboni na sodiamu kwa wingi mno. Unapopanda na kupoa, hufikia mahali ambapo hauwezi tena kubaki kitu kimoja. Sehemu yenye kaboneti hujitenga na sehemu yenye silika, kama mafuta yanavyojitenga na maji, na kwa kuwa ni nyepesi na laini zaidi, hutangulia kufika juu.

Lava inayotiririka kama maji

Lava ya volkano nyingi, kama ile ya basalti, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ikiwa nyekundu au ya rangi ya chungwa, na hutambaa polepole kama uji mzito. Lava ya Lengai hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana huonekana nyeusi au ya kahawia iliyoiva, kama mafuta machafu ya injini, na wekundu wake hafifu hutambulika usiku pekee. Wepesi wake ni wa kushangaza, kwani hutiririka kwa kasi, huruka matone na hujipenyeza katika mifereji myembamba kama maji ya mvua.

Badiliko linalofuata ni la ajabu zaidi. Lava hiyo ikishaganda, madini yake hufyonza unyevu wa hewani na kuanza kubadilika. Katika muda wa saa au siku chache, mwamba mweusi hugeuka kijivu na kisha mweupe, na baadaye huwa laini hadi kumomonyoka kuwa unga. Ndiyo sababu katika miaka ambayo kreta ilijaa lava, kilele cha Lengai kilionekana cheupe kutoka mbali, na asiyekifahamu angeweza kudhani ni theluji.

Mtafiti J. Barry Dawson ndiye aliyeithibitishia dunia habari za lava hii, baada ya kuifikia kreta mwaka 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1962. Kabla ya hapo wataalamu wengi hawakukubali kwamba miamba ya kaboneti inaweza kutoka ardhini ikiwa imeyeyuka. Madini mawili makuu yanayounda lava hiyo yamebeba majina yenye uzito katika historia ya eneo hili. La kwanza ni nyerereiti, lililopewa jina kwa heshima ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere. La pili ni gregoriti, lililopewa jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa. Kwa hiyo mwanafunzi wa jiolojia popote duniani anayesoma kuhusu lava za kaboneti hukutana na jina la Mwalimu.

Historia ya milipuko

Volkano hii ina tabia mbili. Kwa miaka mingi mfululizo hutoa lava ya magadi kwa utulivu, ndani ya kreta, bila kumdhuru mtu aliye chini. Kisha, baada ya kipindi kirefu, hulipuka kwa nguvu na kurusha majivu angani. Miongoni mwa milipuko mikubwa ya majivu iliyorekodiwa katika karne iliyopita ni ya mwaka 1917, ya 1940 na 1941, na ya 1966 na 1967.

Kuanzia mwaka 1983 mlima uliingia katika kipindi cha utulivu wa aina hiyo. Lava ilijaza kreta ya kaskazini kidogo kidogo, na vichuguu virefu vya lava vikaota juu ya sakafu yake, baadhi yake vikipita kimo cha nyumba. Ilipofika mwaka 1998, kreta ilikuwa imejaa hadi ukingoni na lava ikaanza kumwagika nje. Hicho ndicho kipindi ambacho watembeaji walizoea kuvuka ukingo na kutembea juu ya sakafu ya kreta, wengine wakilala humo.

Hali ilibadilika ghafla mwaka 2007. Katikati ya Julai, mfululizo wa matetemeko ya ardhi ulianza katika eneo la Gelai na Natron. Kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 17 Julai, likiwa na ukubwa wa 5.9, na lilisikika hadi Nairobi. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa kutumia setilaiti ulionyesha kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza chini ya ardhi, karibu na Gelai, bila kufika juu, na kuzisukuma kingo za ufa zikaachana. Majuma machache baadaye, tarehe 4 Septemba 2007, Lengai ulianza kulipuka kwa majivu, na milipuko hiyo iliendelea kwa vipindi hadi Aprili 2008.

Wataalamu wanaeleza kuwa mwamba mpya wenye silika uliingia katika hifadhi ya lava ya magadi iliyopo chini ya kreta. Viwili hivyo vilipokutana, hewa ya kaboni iliachiliwa kwa wingi na kwa ghafla, mithili ya kizibo cha chupa ya soda iliyotikiswa. Majivu yaliangukia malisho na vyanzo vya maji. Baadhi ya familia za wafugaji zililazimika kuhama na mifugo yao, kwa kuwa nyasi zilizofunikwa na majivu hayafai kwa ng'ombe, na vumbi lenye magadi huwasha macho na kifua.

Milipuko hiyo iliiondoa kabisa sakafu ya zamani. Mahali pake palibaki shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100 na kuta zilizosimama wima, lililozungukwa na kilima kipya cha majivu. Tangu mwaka 2008 lava ya magadi imerejea, ikitoka kidogo kidogo chini ya shimo hilo. Kwa lugha nyepesi, mlima umeanza upya kuijaza kreta yake, kazi ambayo mara iliyopita iliuchukua miaka mingi.

Majivu yanayolisha Serengeti

Madhara ya majivu kwa mfugaji wa leo ni ya kweli, lakini katika kipindi cha maelfu ya miaka majivu hayo hayo yamekuwa neema. Pepo za mashariki zimekuwa zikiyabeba majivu ya Kerimasi na Lengai kuelekea magharibi na kuyamwaga juu ya nyanda za Ndutu na kusini mwa Serengeti. Majivu hayo yana kalisiamu, sodiamu na madini mengine yanayostawisha nyasi. Aidha, yaliyeyuka na kuganda chini ya udongo na kufanya tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hupata shida kulipenya. Matokeo yake ni tambarare pana isiyo na miti, yenye nyasi fupi zenye lishe, ambayo nyumbu zaidi ya milioni moja huirudia kila mwaka na kuzaa humo kati ya Januari na Machi.

Ushahidi mwingine wa safari za majivu hayo upo karibu na Bonde la Olduvai. Huko kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, maarufu kwa jina la mchanga unaohama. Kilima hicho ni majivu ya volkano, na husukumwa na upepo mita kadhaa kila mwaka bila kusambaratika. Mgeni anayekipiga picha mara nyingi hajui kwamba mama wa mchanga huo ni mlima uliojificha nyuma ya nyanda za Ngorongoro.

Ziwa Natron na nyayo za Engare Sero

Safari ya kuupanda Lengai huanzia katika kijiji cha Engare Sero, kilichopo kati ya mlima na ziwa. Katika Kimaasai, engare ni maji, na kijiji kinastahili jina hilo, kwa kuwa mto wenye maji baridi yasiyo na magadi hushuka kutoka nyanda za juu na kupita katika korongo jembamba kabla ya kuufikia ufuko wa ziwa. Mtu anaweza kupanda ndani ya korongo hilo kwa miguu, akivuka mto mara kadhaa, hadi kwenye maporomoko ya maji. Ni matembezi mafupi na yanafaa sana kwa siku ya kupumzika kabla au baada ya kupanda mlima.

Ziwa lenyewe ni kinyume cha mto huo. Maji yake ni machungu kwa magadi yatokanayo na miamba ya volkano na chemchemi za maji moto, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa hukauka na kuwa tabaka la chumvi lenye rangi nyekundu na waridi. Viumbe wachache huyamudu mazingira hayo. Mmojawapo ni heroe mdogo, ambaye hula vijimea vidogo vya majini na kujenga kiota cha tope katikati ya chumvi, mahali ambapo fisi na mbweha hawawezi kufika. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanakadiriwa kuzaliwa katika ziwa hili moja. Kwa umuhimu huo, bonde la Ziwa Natron liliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya ardhioevu zinazolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Karibu na ufuko wa kusini wa ziwa kuna hazina nyingine. Katika tope la majivu ya volkano lililoganda, zimehifadhiwa nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulizipa umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,000 hivi. Utafiti mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kundi moja la watu 17 lilipita pamoja likielekea upande mmoja, na kwamba wengi wao walikuwa wanawake wazima. Wataalamu wanadhani huenda walikuwa wakitafuta chakula kwa ushirikiano, kama ilivyo desturi katika baadhi ya jamii za wawindaji na waokota matunda hadi leo.

Nyayo hizo hazipaswi kuchanganywa na zile za Laetoli, ambazo ni za kale zaidi mno, zikiwa na umri wa takriban miaka milioni 3.6. Umuhimu wa zile za Engare Sero ni kwamba ziliachwa na binadamu wa aina yetu. Jua, mafuriko na upepo huziathiri, na kiatu cha mgeni mmoja asiyejali kinaweza kufuta kilichodumu kwa maelfu ya miaka. Kila anayefika anatakiwa kuongozana na mwenyeji na kusimama nje ya eneo la nyayo.

Kufika Engare Sero

Kutoka Arusha, barabara ya lami hupita Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Hapo msafiri huiacha lami na kushika barabara ya vumbi kuelekea kaskazini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, akipita Selela na Engaruka. Sehemu hii ina urefu wa zaidi ya kilomita 100, inahitaji gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, na wakati wa masika baadhi ya makorongo hujaa maji kiasi cha kufunga njia. Njia nyingine hushuka kutoka Loliondo kupitia Wasso na Sale, na kuteremka ukuta wa bonde hadi ziwani.

Msafiri anayepita Engaruka ana sababu ya kusimama. Hapo yapo magofu ya makazi ya kale na mifereji ya umwagiliaji iliyojengwa kwa mawe, iliyotumika tangu takriban karne ya 15 hadi ya 18. Wakulima hao walitumia maji yaliyoshuka kutoka nyanda za juu kumwagilia tambarare kame, kisha wakaliacha eneo hilo.

Wapo pia wanaofika kwa miguu kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Njia hiyo huanzia kwenye kreta ya Empakaai, hupita kijiji cha Naiyobi na kuteremka hadi sakafu ya bonde. Mizigo hubebwa na punda wa wananchi, na ndani ya hifadhi watembeaji husindikizwa na askari wa wanyamapori. Ni safari ya siku kadhaa inayomshusha mtu kutoka kwenye ukungu na baridi ya nyanda za juu hadi joto kali la Natron, huku Lengai ukizidi kuwa mkubwa mbele yake kila siku.

Kuupanda mlima

Lengai hupandwa usiku. Sababu ni joto, kwa kuwa mlima hauna kivuli, hauna maji na majivu yake hurudisha jua la mchana usoni. Kwa kawaida watembeaji huondoka kijijini karibu na saa 6 usiku, hupelekwa kwa gari hadi chini ya mteremko, na hupanda kwa saa 5 hadi 7 kwa lengo la kufika ukingoni kabla ya jua kuchomoza. Hakuna kambi wala kibanda njiani. Mlima hupandwa na kushukwa kwa mkupuo mmoja.

Mwanzo wa njia ni mteremko wa wastani wenye nyasi. Baada ya hapo huanza majivu mepesi yanayoteleza, ambapo hatua mbili za kupanda hurudishwa nyuma kwa hatua moja. Sehemu ya juu ndiyo ngumu zaidi, kwani mteremko hufikia nyuzi 40 na zaidi, na njia hupita juu ya mwamba wa majivu ulioganda, mgumu kama saruji na wenye makorongo pembeni. Hapo mikono hufanya kazi sawa na miguu. Hauhitajiki ujuzi wa kamba, lakini unahitajika moyo mtulivu, magoti yenye afya na uangalifu wa kutosukumia mawe walio nyuma.

Ukingoni, jua huchomoza upande wa Kitumbeine, na siku isiyo na mawingu vilele vya Meru na Kilimanjaro huonekana mbali. Kaskazini, Natron hung'aa kama bati, na kivuli cha mlima chenye ncha kali hulala juu ya ukuta wa magharibi. Ndani ya shimo husikika mvumo wa hewa na mchapuko wa lava, na harufu ya salfa hupita na upepo.

Kushuka huchukua saa 4 au zaidi, na ajali nyingi za milimani hutokea wakati huo, miguu ikiwa imechoka na jua likiwa limeshapanda. Anayeona nguvu zinamwishia kabla ya kufika juu anashauriwa kugeuka mapema, kwa kuwa akiba ya nguvu inayohitajika kushuka ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mambo ya kuzingatia

Miezi inayofaa zaidi ni Juni hadi Oktoba, pamoja na Januari na Februari. Mvua za masika na vuli huyafanya majivu kuwa utelezi na makorongo kuwa njia za mafuriko.

Mtembeaji ahakikishe ana mwongoza njia mwenye uzoefu kutoka Engare Sero na kwamba vibali na ada zote zimekamilishwa kabla ya safari. Abebe maji yasiyopungua lita 3, taa ya kichwani yenye betri za akiba, viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, glavu, kofia ngumu, miwani na barakoa ya kuzuia vumbi. Nguo ya joto ni ya lazima, kwani baridi ya ukingoni kabla ya mapambazuko ni kali hata kama kijijini kulikuwa na joto. Mtandao wa simu ni hafifu katika maeneo mengi, na huduma kubwa za hospitali zipo mbali, hivyo taarifa za safari ziachwe kwa mtu aliye chini.

Tahadhari iliyo kubwa kuliko zote inahusu kreta. Simulizi na picha za zamani zinazoonyesha watu wakitembea juu ya lava zilizoganda ni za kabla ya mwaka 2007 na hazielezi hali ya sasa. Leo hakuna sakafu ya kutembelea. Kuna shimo lenye kuta zinazomomonyoka, na ukingo wake unaweza kukatika bila dalili. Haifai kusogea ukingoni kabisa, kuteremka ndani, wala kukaa mahali ambapo hewa ya volkano inakusanyika. Mwongozaji akiamuru kundi lirudi kwa sababu ya mtetemo, moshi mwingi au sauti isiyo ya kawaida, amri hiyo ifuatwe bila mjadala.

Mlima unaotazamwa kwa karibu

Kwa kuwa Lengai utalipuka tena siku moja, ufuatiliaji wake ni suala la usalama wa wananchi kabla ya kuwa suala la kisayansi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ndiyo yenye jukumu la taarifa za matetemeko na majanga ya kijiolojia nchini. Aidha, tangu mwaka 2016, Chuo Kikuu Ardhi kwa kushirikiana na watafiti wa Virginia Tech ya Marekani kimekuwa na mradi wa vituo vya kupima mwendo wa ardhi kuzunguka mlima huo. Vifaa hivyo hutumia ishara za setilaiti kutambua kama mlima unavimba au kunywea, dalili zinazoweza kutangulia mlipuko.

Vifaa peke yake havitoshi. Wafugaji wa Engare Sero, Naiyobi na vijiji jirani wanautazama mlima kila siku, na wao ndio watakaoona kwanza moshi uliobadilika rangi au kusikia ngurumo ya ardhi. Somo la mwaka 2007 ni kwamba kati ya matetemeko ya kwanza na mlipuko yalipita majuma kadhaa. Muda kama huo, ukitumiwa vizuri, unatosha kuhamisha mifugo, kuhifadhi maji safi na kuwaondoa watembeaji mlimani.

Mwaka 2018, eneo la Ngorongoro na Lengai liliingizwa na UNESCO katika mtandao wa hifadhi za jiolojia duniani. Ni hifadhi ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Jangwa la Sahara na ya pili barani Afrika, baada ya M'Goun ya Morocco. Msingi wa hifadhi hizo ni kwamba miamba, viumbe na utamaduni wa wananchi vilindwe kwa pamoja, na kwamba wenyeji wanufaike na urithi wanaoishi juu yake. Kwa Lengai, hilo lina maana ya vijana wa Kimaasai kuajiriwa kuwa waongoza njia, punda wa kijiji kukodiwa, kina mama kuuza shanga zao, na ada za wageni kuchangia shule na zahanati.

Hilo litawezekana iwapo idadi ya wageni itaendana na uwezo wa mlima, ambao una njia finyu, hauna maji na hauwezi kuyeyusha taka. Kila chupa iliyopandishwa inapaswa kushushwa. Kwa Mtanzania ambaye bado hajafika, safari ya Engare Sero inampa mahali ambapo katika siku mbili anaweza kuona ardhi ikiendelea kuumbika, ndege wakizaliwa katikati ya chumvi, na nyayo za waliopita hapo zamani wakiwa chini ya mlima huo huo.